Kwa nini tamthilia hukatwa palepale panaponoga? Hivi ndivyo wiki moja ya mikasa inavyopangwa

Watu wanaofuatilia tamthilia wana lalamiko moja: inakatwa palepale panaponoga. Bi harusi ameshafika kanisani, mlango unafunguliwa, anaingia mtu ambaye mtaa mzima ulijua amekufa. Muziki unapanda, majina ya waigizaji yanaanza kupita, imeisha. Mpaka Jumatatu.

Hasira ni ileile, uwe uko Dar es Salaam au uko Mwandoya, wilayani Meatu mkoani Simiyu, umekaa sebuleni kwa jirani mwenye king'amuzi. Luninga inazimwa lakini kichwa hakizimiki. Njiani watu wanabishana: yule mwanaume alijua au hakujua? Asubuhi dukani mjadala unaendelea.

Kumbe hiyo si bahati mbaya, wala si uchoyo wa kituo. Ni kazi inayopangwa kwa makini kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Na Tanzania ina historia yake katika jambo hili. Miaka ya 1990 tamthilia moja ya redio ilionyesha kwamba muda ule wa kusubiri, pale watu wanapobaki wanajadili, una nguvu kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Unaweza kumkinga mtu na ugonjwa. Unaweza pia kumponza mtu asiye na hatia.

Jumatatu mpaka Ijumaa

Tamthilia inayoonyeshwa siku tano kwa wiki huwa na mpangilio ambao ukishaujua utauona kila mahali.

Jumatatu kazi yake ni kulipa deni la Ijumaa. Swali lililoachwa linajibiwa, lakini nusu tu. Yule aliyeingia kanisani kweli yuko hai, ila alikuwa wapi muda wote huo? Hilo linabaki.

Jumanne na Jumatano ni siku za kutandaza. Siri inatoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Hapo ndipo unaona watu wamesimama jikoni wanaongea sana na kitu kikubwa hakitokei. Wengi huona siku hizo zimepooza, lakini bila hizo Ijumaa haina uzito. Mtazamaji lazima ajue nani anajua nini, na nani bado yuko gizani.

Alhamisi mambo yanakaza. Mtu mmoja anafanya uamuzi mbaya: anadanganya, anachukua hela isiyo yake, anapiga simu ambayo hakutakiwa kuipiga.

Ijumaa uamuzi ule unazaa matunda. Na palepale matunda yanapoonekana, wanakata. Wanajua una siku mbili za kukaa na swali, na wanataka ulibebe mpaka Jumatatu jioni.

Mbinu yenyewe ni ya kale. Katika Alfu Lela Ulela, mke wa mfalme aliyekuwa auawe asubuhi aliokoa roho yake kwa kumsimulia mumewe hadithi usiku na kuikatisha kulipopambazuka. Mfalme alimwacha hai ili asikie mwendelezo. Watunzi wa tamthilia wanafanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba wao wanaokoa ajira zao.

Hadithi tatu kwa wakati mmoja

Ukiangalia vizuri utaona tamthilia haina hadithi moja. Mara nyingi zipo tatu zinazokwenda pamoja.

Ipo kubwa, kwa mfano ndoa inayovunjika. Ipo ya kati, labda duka la familia linalofilisika. Na ipo ndogo ya kuchekesha, pengine majirani wawili wanaogombania jogoo. Moja inakuwa ndiyo kwanza inaanza, nyingine iko katikati, na nyingine inakaribia mwisho.

Ujanja upo hapo. Haitokei siku ambayo kila kitu kimeisha ukasema "basi, nimemaliza." Harusi ikifungwa leo, duka linaungua kesho. Ndiyo maana tamthilia inaweza kwenda miaka mingi bila kufika mwisho, tofauti na filamu ambayo lazima imalizike ndani ya saa mbili.

Nyuma ya kamera kazi haifuati hata huo mpangilio. Matukio yote ya jikoni hurekodiwa kwa pamoja, kisha yote ya hospitali, kisha yote ya nje. Mwigizaji anaweza kulia msiba asubuhi, halafu mchana akacheka na huyohuyo marehemu kwa tukio la wiki iliyotangulia. Anayeunganisha vipande hivyo mpaka wewe uone wiki moja iliyonyooka ni mhariri.

Na mwigizaji mkataba wake ukiisha je? Mhusika anasafiri, anafungwa, au anakufa. Wazoefu wana kanuni yao: kama hujaona maiti, usianue tanga.

Mtaa mmoja wa Australia, miaka karibu 40

Mfano mzuri wa kanuni hiyo ni tamthilia ya Australia iitwayo Neighbours, yaani Majirani. Ilianza kuonyeshwa tarehe 18 Machi 1985. Hadithi yake inahusu familia za mtaa mmoja tu, Ramsay Street, kwenye kitongoji cha kubuni kinachoitwa Erinsborough. Nyumba zinazoonekana kwa nje ni za kweli, ziko kwenye barabara ndogo ya Pin Oak Court pembezoni mwa jiji la Melbourne, na watu wanaishi humo.

Hakuna wafalme wala majambazi wa kimataifa. Kuna baba mwenye gereji, mama anayeingilia ndoa ya mtoto wake, kijana aliyempenda binti wa nyumba ya pili. Lakini mwaka 1987 wahusika wawili vijana, Scott na Charlene, walifunga ndoa. Sehemu hiyo ilipofika Uingereza mwaka uliofuata, karibu watu milioni 20 waliitazama. Aliyecheza kama Charlene, fundi magari, ni Kylie Minogue, ambaye baadaye dunia nzima ilimjua kwa muziki.

Sasa ile kanuni ya maiti. Mwaka 1991 mhusika mmoja mzee, Harold Bishop, alichukuliwa na mawimbi ya bahari. Mkewe alibaki mjane. Maiti haikuonekana. Mwaka 1996 Harold akarudi, eti alipoteza kumbukumbu na hakujua yeye ni nani. Watazamaji walicheka na kulia kwa pamoja, na wakaendelea kutazama.

Neighbours ilisimamishwa Julai 2022, ikarudi Septemba 2023 kupitia huduma ya mtandaoni ya Amazon, na ikaisha tena Desemba 2025. Kwa hesabu ya haraka, mtoto aliyezaliwa siku ilipoanza alikuwa na miaka 40 siku ilipozimwa.

Sabuni, matangazo na wiki ya moto

Kwa Kiingereza tamthilia za aina hii zinaitwa kwa jina la sabuni. Sababu ni hela. Miaka ya 1930 huko Marekani michezo ya redio ya mchana ilidhaminiwa na kampuni za sabuni kama Procter & Gamble. Walitaka akina mama waliokuwa nyumbani wakifua na kupika wasikie tangazo la sabuni kila siku. Ili wasikie kila siku, lazima hadithi isiishe leo. Mchezo mmoja ulioanza redioni mwaka 1937, Guiding Light, ulihamia kwenye luninga na ukadumu mpaka mwaka 2009.

Hela hiyohiyo inaeleza kwa nini kuna wiki fulani mambo yote yanalipuka kwa pamoja: moto, ajali, harusi na mtoto wa nje, ndani ya siku tano. Marekani kulikuwa na vipindi maalumu vya mwaka ambapo watazamaji wa vituo walihesabiwa ili kupanga bei ya matangazo. Vituo vilitunza mikasa mikubwa kwa ajili ya wiki hizo.

Usukumani hili halina ugeni. Kwenye mashindano ya ngoma baada ya mavuno, Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, kila upande uwanja wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Hakuna manju anayemaliza mbinu zake zote mapema. Anatunza kitu, awe ni nyoka au nungunungu, mpaka aone watu wanaanza kuhamia upande wa pili. Vituo viwili vya luninga vinavyogombania saa moja ya usiku vinafanya mashindano yaleyale.

Kumbe inaweza kufundisha

Mwaka 1969 huko Peru ilionyeshwa tamthilia ya binti maskini, María, aliyetoka kijijini akafanya kazi za ndani mjini. Jioni alijifunza kusoma, kisha akajifunza kushona kwa cherehani ya Singer mpaka akawa mbunifu wa mavazi. Tamthilia ilipopita nchi za Amerika ya Kusini, mauzo ya cherehani za Singer yalipanda, na mabinti wengi wa kazi za ndani wakajiandikisha kusoma na kujifunza ushonaji.

Mmeksiko mmoja, Miguel Sabido, alijiuliza: kama hadithi inaweza kuuza cherehani bila kukusudia, haiwezi kukusudia kuuza elimu? Mwaka 1975 alitengeneza tamthilia ya kuhamasisha watu wazima kusoma, na mwaka 1977 nyingine ya uzazi wa mpango.

Mbinu yake ilikuwa na watu wa aina tatu. Mmoja anafanya mema muda wote. Mmoja anafanya mabaya muda wote. Wa tatu yuko katikati, anayumba, leo huku kesho kule. Huyu wa tatu ndiye wa muhimu, kwa sababu ndiye anayefanana na mtazamaji. Akiamua, mtazamaji anakuwa ameamua naye.

Mbinu ikafika Afrika Mashariki. Mwaka 1987 Kenya ilikuwa na Tushauriane kwenye televisheni na Ushikwapo Shikamana kwenye redio. Kisha ikaja zamu ya Tanzania.

Mkwaju, dereva wa lori

Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha tamthilia iitwayo Twende na Wakati. Ilisikika jioni mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Zanzibar ndiyo iliyokuwa nayo. Mwandoya bado ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga, maana Simiyu ilianzishwa mwaka 2012. Redio ya betri ndiyo iliyokuwa sebule ya kijiji.

Adui wa hadithi alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo anachosimama. Anakunywa, hajali nyumbani, na mwishowe anapata UKIMWI. Mkewe, Tunu, ndiye yule wa katikati. Mwanzoni anavumilia. Anakaa kimya. Halafu kidogokidogo anaanza kuuliza, anaanza kukataa, na anafungua biashara ndogo ili alishe watoto wake.

Mwaka ule UKIMWI ulikuwa jambo la kunong'onezwa. Watu walizika na kusema marehemu alilogwa au aliugua kifua. Mkwaju alitoa nafasi ya kuongea. Mke hakuhitaji kumwambia mumewe "mimi nina wasiwasi na safari zako." Alisema tu, "Umesikia ya Mkwaju?" Na wote wawili walielewa kinachozungumzwa.

Kila sehemu ilipoisha, msimulizi alitoa maneno machache ya mwisho yaliyohusisha kisa na maisha ya msikilizaji. Halafu kimya, mpaka siku nyingine.

Dodoma ilipigiwa muziki

Kilichofanya Twende na Wakati ijulikane duniani ni jaribio lililoambatana nayo. Mitambo ya Radio Tanzania sehemu mbalimbali za Bara ilirusha tamthilia hiyo, isipokuwa wa Dodoma. Saa ileile, wasikilizaji wa mtambo wa Dodoma walipigiwa muziki. Hali ilikuwa hivyo kuanzia 1993 hadi 1995, kisha na wao wakaanza kusikilizishwa.

Lengo lilikuwa kulinganisha. Kila mwaka watafiti, akiwemo profesa Everett Rogers wa Marekani na wenzake wa Tanzania, waliwahoji watu wa pande zote mbili. Mambo mengine yote, kama kampeni za serikali na mabango ya UKIMWI, yalikuwepo kote. Tofauti kubwa ilikuwa Mkwaju na Tunu.

Mwaka 1994, asilimia 72 ya wasikilizaji waliohojiwa walisema wamechukua hatua ya kujikinga na UKIMWI kwa sababu ya tamthilia hiyo. Mwaka 1995 walifika asilimia 82. Hatua kubwa waliyoitaja ni kupunguza idadi ya wapenzi.

Mtu anaweza kusema: maneno matupu, nani atakubali mbele ya mtafiti kwamba hakubadilika? Ndiyo maana Dodoma ilikuwa muhimu. Mabadiliko ya uzazi wa mpango na ya kujikinga na UKIMWI yalionekana zaidi kule iliposikika kuliko kule palipopigwa muziki. Dodoma nayo ilipoanza kusikiliza, mambo yakaanza kusogea.

Jambo moja lilijitokeza sana: watu waliongea. Waume na wake walizungumza kuhusu idadi ya watoto. Marafiki walizungumza kuhusu magonjwa. Redio haikumbadilisha mtu akiwa amekaa peke yake. Ilimpa kisa, ikanyamaza siku kadhaa, na katika siku hizo watu wakafanya kazi iliyobaki wenyewe kwa wenyewe.

Hapo ndipo lile lalamiko la "wamekata panaponoga" linapata jibu lake. Wangemaliza hadithi ya Mkwaju kwa usiku mmoja, watu wangesema "masikini" na kwenda kulala.

Kutoka Kaole mpaka Jua Kali

Televisheni ilipoanza Bara mwaka 1994, michezo ya kuigiza ilihamia huko. Vikundi kama Kaole Sanaa Group vilitoa visa vya kila wiki kupitia ITV, na huko ndiko walikotokea akina Vincent Kigosi "Ray", Blandina Chagula "Johari" na Steven Kanumba. Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, mkoa ambao Meatu ilikuwa sehemu yake. Alipofariki Aprili 2012, maelfu ya watu walijitokeza kumzika Dar es Salaam. Wengi hawakuwahi kukutana naye, lakini alikuwa ameingia majumbani mwao.

ITV ileile ilileta Isidingo ya Afrika Kusini, iliyoanza huko kwao mwaka 1998 kwenye mji wa wachimba dhahabu na kuendelea hadi 2020. Watu wa Kanda ya Ziwa, wanaoijua migodi, hawakuhitaji kuelezwa maana ya mji unaoishi kwa dhahabu.

Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, ya Doudou na mama wakwe zake. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Ugomvi wa mkwe na mkaza mwana ni uleule, Beijing au Bariadi.

Leo zipo za nyumbani kama Huba na Jua Kali kwenye Maisha Magic Bongo. Jua Kali ni kazi ya muongozaji Leah Mwendamseke, maarufu kama Lamata. Humo mtu haoni Melbourne wala Istanbul. Anaona geti, gari, msiba na harusi za hapahapa.

Simu imepunguza kusubiri

Sasa kuna jambo jipya. Anayelipia kifurushi anasubiri saa yake. Lakini wengi hawasubiri tena. Sizoni nzima inawekwa kwenye flashi kwa hela kidogo, au inashushwa kwa bando la usiku. Kwenye vibanda umiza sehemu kumi zinaweza kuchezwa mfululizo, na msimulizi wa Kiswahili juu yake akiongeza utani wake.

Faida ipo. Mtu wa kijijini asiye na king'amuzi anaona kile anachokiona mtu wa mjini. Lakini ukimeza sizoni nzima kwa usiku mmoja, yale majadiliano ya njiani na dukani yanapungua. Kila mmoja yuko sehemu yake: wewe uko ya 12, mwenzako ya 30, na akifungua mdomo tu amekumwagia mchele. Steringi ameshashinda kabla hujapata nafasi ya kumhofia.

Upande wa pili, simu imeleta kijiwe kingine. Vipande vya dakika moja vinazunguka WhatsApp na TikTok, na mabishano yanafanyika humo. Shida ni kwamba kipande cha dakika moja kinafika bila Jumanne na Jumatano yake. Mtu anaona kofi, haoni sababu ya kofi.

Pale hadithi inapoponza

Nguvu iliyobadili watu kwa Mkwaju haichagui upande. Tamthilia inayoweza kufundisha kinga inaweza pia kufundisha chuki, hata kama mtunzi alitaka tu kupata Ijumaa kali.

Mfano wa karibu upo Kanda ya Ziwa. Kwa miaka mingi wanawake wazee wa Shinyanga, Simiyu, Mwanza na Geita wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mara nyingi "ushahidi" ulikuwa macho mekundu, ambayo kwa bibi aliyepika kwa kuni na samadi maisha yake yote ni moshi tu. Na mara nyingine nyuma ya tuhuma kulikuwa na shamba la urithi.

Sasa fikiria tamthilia inayomaliza wiki kwa bibi mwenye macho mekundu amesimama gizani juu ya kitanda cha mtoto mgonjwa. Imekatwa. Mpaka Jumatatu. Kwa mtunzi aliyeko mjini hiyo ni Ijumaa nzuri. Kwa bibi anayeishi peke yake kijijini, hizo ni siku mbili ambazo majirani wake wanaongea kuhusu bibi wenye macho mekundu. Jumatatu mtunzi anaweza kuonyesha kwamba bibi alikuwa amekuja kumfunika mtoto shuka, na ikawa somo zuri sana. Lakini aliyeona kipande cha Ijumaa tu kwenye simu hatoliona somo hilo.

Vivyo hivyo kwa ndoa. Mwanaume anayempiga mkewe Alhamisi na kusamehewa kwa maua Ijumaa, akiwa ndiye steringi anayependwa, anaacha funzo lake pia.

Mambo manne ya kuangalia wiki hii

Huna haja ya kuacha kutazama. Ukitazama, angalia haya:

1. Nani yuko katikati? Mtafute yule anayeyumba. Yeye ndiye tamthilia inamtumia kuongea na wewe.

2. Swali la Ijumaa ni lipi? Kama ni "nini kitatokea" tu, ni burudani. Kama ni "angefanya nini", hapo pana cha kujadili na watu wa nyumbani.

3. Nani anafanywa adui, na kwa nini? Kwa alichokitenda, au kwa sababu ni mzee, maskini, mgeni, au mama mkwe?

4. Watoto wamebaki na nini? Kama wanatazama na wewe, waulize kabla hawajalala. Wao hawajui kwamba Jumatatu mambo yanaweza kugeuka.

Basi wakikata tena panaponoga, usiharakishe kutafuta sehemu inayofuata kwenye flashi. Mgeukie uliyekaa naye umuulize: ingekuwa wewe, ungefanyaje? Mwaka 1994 kuna watu waliulizana hivyo kuhusu Tunu, na kuna waliopima upya safari zao, idadi ya wapenzi wao na ukimya wa nyumbani kwao kabla tamthilia haijarudi hewani.